Baiskeli Haitulii Kwenye Kibanio: Tafuta Kinachosogea Kabla Hujanunua Kingine

Umefunga ukutani au kwenye benchi kibanio cha kushikilia baiskeli hewani wakati wa matengenezo, umepandisha baiskeli, umeshika spana, na kabla hujagusa nati ya kwanza usukani unaanza kushuka taratibu kuelekea sakafuni. Unakaza. Unashuka tena. Wengi wakifika hapo huamua kwamba kibanio ni kibovu, wakaanza kutafuta kikubwa zaidi. Mara nyingi kibanio hakina kosa, na hicho kikubwa kikifungwa palepale kitafanya yaleyale, pengine vibaya zaidi kwa kuwa chenyewe ni kizito.

Baiskeli haibebwi na taya, yaani vipande viwili vinavyoibana, peke yake. Uzito wake unatoka kwenye fremu kuingia kwenye paipu ya siti, unapita kwenye raba za taya, unaenda kwenye kichwa kinachozunguka, kwenye mkono, kwenye bamba la nyuma ya mkono, kwenye bolti, na mwisho kwenye ukuta au ubao wa benchi. Kila mahali vitu viwili vinapokutana, kimoja kinaweza kusogea juu ya mwenzake. Kazi ya kwanza ni kujua ni wapi panasogea. Ukishajua hilo, swali la kununua au kutonunua hujijibu lenyewe.

Anza na mistari minne ya chaki

Chukua chaki, au vipande vya utepe wa karatasi na kalamu. Bana baiskeli kama unavyobana siku zote, kaza kila kitu kwa nguvu yako ya kawaida, kisha chora mistari. Wa kwanza uvuke kutoka kwenye ukingo wa taya hadi kwenye paipu ya siti. Wa pili uvuke pale kichwa kinapokutana na mkono. Wa tatu uvuke ukingo wa bamba na ukuta, au bamba na ubao wa benchi. Wa nne uvuke mahali paipu ya siti inapoingia kwenye fremu.

Sasa shika tairi la mbele ulibonyeze chini kwa mkono mmoja, polepole, kwa nguvu kama ya kusukuma mlango mzito. Kisha lisukume kuelekea ukutani. Kisha livute kuja kwako. Rudi utazame mistari yako. Mstari uliokatika, yaani nusu moja imehama na nyingine imebaki, ndio unaokuonyesha tatizo lako.

Ukiona mistari yote imebaki mizima na bado baiskeli inacheza, basi hakuna kinachoteleza. Kinachopinda ni mkono wenyewe, au ukuta, au benchi. Mwombe mtu abonyeze tairi huku wewe umeweka kidole kwenye bamba na kingine katikati ya mkono. Kidole huhisi mapema kuliko jicho.

Usiruke hatua hii hata kama unadhani unajua. Mtu anayekaza taya kwa sababu kichwa kinateleza atakunja paipu ya siti na usukani utaendelea kushuka.

Mstari wa kichwa umekatika: usukani unashuka

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Baiskeli iliyobanwa kwenye paipu ya siti haina uzito wake chini ya taya. Kitovu cha uzito kiko mbele, sentimita 20 hadi 30 hivi. Kwa hiyo baiskeli ya kilo 15 inakizungusha kichwa kwa nguvu ya karibu nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 30 hadi 44 kabla hata hujaigusa. Pedeli hukazwa kwa nguvu ya kiasi hichohicho. Tofauti ni kwamba kichwa kinatakiwa kuizuia nguvu hiyo saa nzima bila kupumzika.

Vichwa viko vya aina mbili. Cha kwanza kinashika kwa msuguano: nyuso mbili za chuma, au chuma na sahani ya kati, zinabanwa pamoja kwa kitasa, yaani kishikio cha kukazia. Hiki kinakuruhusu kuiweka baiskeli katika pembe yoyote, na ndicho kinachofaa ukiwa unatoa hewa kwenye breki za mafuta, maana kazi ile inataka uinamishe baiskeli kidogokidogo mpaka mapovu yapande. Adui yake ni mafuta. Tone moja la mafuta ya cheni likipenya kati ya nyuso hizo, utakaza mpaka kiganja kikuume na bado kichwa kitateleza. Fungua kitasa chote, tenganisha nyuso, zifute kwa spiriti na kitambaa safi, zikauke, rudisha. Usipake grisi humo hata kama unaona chuma kikavu. Grisi weka kwenye nyuzi za skrubu ya kitasa tu, kiasi kidogo sana, ili nguvu ya mkono wako ifike kwenye nyuso badala ya kuishia kwenye nyuzi.

Aina ya pili ina meno. Inashika mzigo mkubwa bila kukazwa sana, lakini inakwenda kwa hatua. Ikiwa baiskeli inashuka ghafla kwa mlio wa "tak" kisha inatulia, meno yalikuwa yamekaa ncha kwa ncha ulipokaza. Legeza, tikisa baiskeli kidogo mpaka uhisi meno yameingiana, ndipo ukaze. Meno yakiwa yameshaviringika ncha, kichwa hicho kimefika mwisho wake na hakuna dawa ya kukirudisha.

Kabla ya kubadilisha chochote, punguza mzigo. Gurudumu la mbele la kilo 2 liko kama sentimita 80 mbele ya taya, na peke yake linachangia karibu nyutoni mita 16. Ukilitoa, kichwa kinapata nafuu kubwa mara moja. Gurudumu la nyuma liko karibu na taya, na kulitoa kunaongeza kidogo tu mvuto wa kwenda mbele. Kama hutaki kulitoa la mbele, lifunge kwa kamba kwenye paipu ya chini ya fremu, lisije likajigeuza ghafla na kuiyumbisha baiskeli nzima.

Mstari wa taya umekatika: baiskeli inajigeuza au inashuka kwenye paipu

Hapa dalili ni tofauti. Usukani haushuki. Badala yake sehemu ya mbele inasogea kuelekea ukutani kama mlango unaojifunga, au baiskeli nzima inateleza chini milimita kwa milimita mpaka siti ikakalia taya.

Sababu ninayokutana nayo zaidi haimo kwenye kibanio kabisa. Fundi mzuri hupaka grisi paipu ya siti kabla ya kuiingiza kwenye fremu, isije ikagandamana humo. Siku ya matengenezo unapandisha siti ili upate nafasi ya kubana, na kile unachokibana ni ile sehemu iliyokuwa ndani, imepakwa grisi. Unaona paipu inang'aa na unadhani ni safi. Ipitishe kitambaa cheupe uone. Kwenye paipu ya kaboni hali ni mbaya kwa namna nyingine: sehemu iliyokuwa ndani imepakwa ute wa kuongeza msuguano, ambao una chembe ngumu kama mchanga. Chembe hizo huingia kwenye raba za taya na kukaa humo, kisha zinakwangua kila baiskeli itakayofuata. Futa paipu kwanza, kila mara. Halafu weka utepe mdogo kwenye paipu mahali pa urefu wako wa kawaida wa siti, ili ukimaliza urudishe palepale bila kukisia.

Raba zenyewe zikague kwa kidole. Raba nzima inashika ngozi ya kidole unapoiburuza juu yake. Raba iliyokakamaa inateleza kama sahani, na ukiipitisha msasa namba 120 mara chache inarudi kushika. Raba iliyonyonya mafuta inakuwa laini na imevimba kidogo. Hiyo usihangaike nayo, badilisha. Kibanio ambacho raba zake haziuzwi peke yake ni ununuzi mbaya hata kiwe imara namna gani, kwa sababu raba ndiyo sehemu pekee inayochakaa kwa hakika.

Jaribio zuri la taya ni la karatasi. Kata vipande viwili vyembamba vya karatasi, kimoja kiweke juu ya taya na kingine chini, kati ya raba na paipu, kisha bana. Vuta kila kimoja. Kikitoka kimoja kwa urahisi, taya hazikutani sambamba, na kinachoishika baiskeli ni nusu ya raba tu. Angalia kama paipu imekaa katikati ya mfereji. Ikiwa imekaa na bado upande mmoja uko wazi, ekseli ya taya imelegea au imepinda.

Kuna pia suala la kipimo. Paipu za siti za watu wazima siku hizi ni za milimita 27.2, 30.9, 31.6 au 34.9, na taya nyingi zinazipokea bila shida. Baiskeli za watoto na za zamani zinaweza kuwa na 25.4 au hata 22.2, na hapo taya nyingine zinagongana kabla hazijabana. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe paipu mara mbili, ubane juu yake. Inatosha kabisa.

Kama mstari uliokatika ni ule wa nne, wa paipu na fremu, taya zako hazina lawama. Kifungo cha siti hakijakazwa baada ya kupandisha. Hapo kuna hatari ya kweli: fremu inaweza kuchomoka kwenye paipu na kuanguka huku siti imebaki kwenye kibanio. Usipandishe paipu kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, na kaza kifungo kabla hujainua baiskeli, siyo baadaye.

Bamba linaachia ukuta

Sehemu hii naitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu taya ikiteleza unapoteza dakika, lakini ukuta ukiachia unapoteza baiskeli, na pengine kidole cha mguu.

Fanya hesabu ya wenzo. Kibanio kinashika baiskeli ya kilo 15 umbali wa sentimita 50 kutoka ukutani. Bamba linataka kuanguka kwa kuegemea ukingo wake wa chini, na bolti za juu ndizo zinazolizuia. Ikiwa bolti hizo ziko sentimita 12 juu ya ukingo wa chini, zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya 15 mara 50 gawa kwa 12, yaani zaidi ya kilo 62. Hiyo ni baiskeli ikiwa imetulia. Ukiegemea pedeli kwa mkono, ukaweka kilo 20 zako, unaongeza kilo 83 nyingine. Baiskeli ya umeme ya kilo 25 kwenye mkono wa sentimita 60 inazivuta kwa kilo 125 kabla hujafanya lolote. Ndiyo maana mtu anayesema "ukuta huu umebeba rafu nzito miaka mingi" hajajibu swali. Rafu huvuta chini zaidi. Kibanio huchomoa.

Dalili huja mapema kwa anayezitafuta. Mpasuko mwembamba kama unywele kwenye lipu, unaoanzia kwenye kona ya juu ya bamba. Unga mweupe sakafuni chini ya kibanio, siku mbili baada ya kufagia. Mwanga unaopita kati ya bamba na ukuta ukiweka tochi pembeni. Bamba langu la kwanza lilinipa sauti: kila nilipobonyeza pedeli nilisikia chembe za mchanga zikishuka nyuma yake, kama mtu anayemimina chumvi polepole. Nilidhani ni panya. Nilipofungua, plagi za plastiki zilitoka kwa vidole, na tundu lilikuwa limeshakuwa pana kama kidole gumba. Tangu hapo nikisikia mchanga nashusha baiskeli kwanza, maswali baadaye.

Tiba inategemea ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize, kisha toboa tundu dogo la majaribio na utazame unga unaotoka. Zege hutoa unga wa kijivu, na drili inapiga kelele ikienda polepole. Hapo bolti za chuma za kutanuka zinafaa sana. Safisha unga ndani ya tundu kwa kuupuliza kabla ya kuingiza bolti; tundu lenye unga hupunguza sana ushikaji. Tofali imara hutoa unga mwekundu au wa rangi ya tofali, nayo inafaa, ilimradi utoboe katikati ya tofali. Chokaa au saruji kati ya tofali na tofali usiiamini. Kumbuka pia kwamba lipu ya juu haishiki kitu: ikiwa ina unene wa sentimita 2, sentimita 2 za kwanza za bolti yako hazifanyi kazi yoyote, kwa hiyo nunua bolti ndefu kulingana na hilo. Tofali zenye matundu ndani zinadanganya: drili inakwenda vizuri, ghafla inazama kwenye uwazi. Bolti ya kutanuka hupasua kuta nyembamba za tofali hizo, hivyo tumia bolti zinazogandishwa kwa gundi ndani ya ala ya wavu, au toboa ukuta upite hadi upande wa pili uweke bamba na nati huko.

Ukuta wa bodi za jipsamu haubebi kibanio kwa plagi ya aina yoyote, iwe imeandikwa nini kwenye pakiti. Tafuta miimo ya mbao iliyo nyuma, ambayo mara nyingi iko kila sentimita 40 au 60.

Na hata kwenye ukuta mzuri, mimi huweka ubao kwanza. Ubao mgumu wa unene wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 60, umesimamishwa wima, umefungwa ukutani kwa bolti juu na chini. Bolti zake za juu zikiwa sentimita 50 juu ya ukingo wa chini, zile kilo 62 za mwanzo zinashuka kuwa 15. Hesabu ileile, ila umbali umeongezeka. Kwenye ukuta wa miimo, laza ubao ukamate miimo miwili au mitatu. Hapo unachopata ni mbao imara zaidi za kushika. Bamba la kibanio lifunge kwenye ubao kwa bolti zinazopita hadi nyuma, washa pana (pete bapa za chuma) na nati zikiwa zimezamishwa upande wa ukuta, na fanya hivyo kabla ubao haujapandishwa. Skrubu za mbao zilizoingizwa kwa mbele zitachomoka siku moja, kwa sababu bamba bado linazivuta kwa kilo zilezile 62.

Benchi linainuka au linatikisika

Kibanio cha benchi kinaonekana rahisi kwa kuwa hakihitaji kutoboa ukuta. Lakini benchi lenyewe linakuwa sehemu ya mashine. Ukifunga katikati ya ubao, kati ya miguu, ubao unapinda na baiskeli inadunda kila unapogusa kitu. Hamishia kwenye kona, juu ya mguu kabisa, ili mzigo ushuke moja kwa moja sakafuni. Chini ya ubao weka bamba la chuma au kipande cha mbao ngumu chenye ukubwa kama wa bamba la juu. Washa ndogo zinazama kwenye mbao kidogokidogo, na kila zikizama bolti inalegea. Ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi ndio unaozama haraka kuliko yote.

Benchi likiinua miguu ya upande wa pili unapobonyeza pedeli, ni jepesi. Lifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, au jaza rafu yake ya chini vitu vizito. Kulikazia kibanio zaidi hakutasaidia.

Mkono wa bomba unajifungua wenyewe

Wanaojitengenezea kibanio kwa bomba la maji la robo tatu inchi na bamba la duara lenye nyuzi hukutana na jambo linalowashangaza. Kila kitu kimekazwa, lakini ukiinamisha baiskeli upande mmoja iko imara, ukiinamisha upande wa pili inazunguka yenyewe na mkono unatoka nje taratibu. Bomba linajifungua kwenye nyuzi zake. Nyuzi za bomba zinakaza kwa kwenda kulia tu, na baiskeli haijui hilo. Kaza bomba hadi mwisho kwa spana ya bomba, kisha toboa tundu moja linalopita shingo ya bamba na bomba kwa pamoja, ingiza bolti ya milimita 6 na nati yenye plastiki ndani. Tatizo linaisha moja kwa moja. Taya za mbao nazo tengeneza hivi: toboa tundu la milimita 32 kwenye kipande cha mbao ngumu, kipasue katikati ya tundu kwa msumeno, ndani bandika tyubu au ngozi. Unene wa msumeno ndio unaokupa nafasi ya kubana.

Usukani unagonga ukuta, au mgongo unauma

Kipimo, si ubovu. Usukani mpana wa sentimita 80 unahitaji sentimita 40 kutoka katikati ya baiskeli, na vidole vyako vinahitaji nafasi nyuma yake. Mkono unaoiweka baiskeli chini ya sentimita 45 kutoka ukutani utakusumbua siku zote kama unaendesha baiskeli za milimani. Mrefu zaidi unapendeza, lakini rudi kwenye hesabu ya bolti: kila sentimita unayoongeza inalipwa na ukuta.

Kuhusu urefu kutoka sakafuni, usifuate kipimo cha mtu mwingine. Simama wima, pima kutoka sakafuni hadi kitovuni, kisha ushuke kidogo: hapo ndipo ekseli ya pedeli, ile inayopita chini ya fremu, inapokaa vizuri kwa kazi ya kusimama. Kisha pima kwenye baiskeli yako umbali wa kwenda juu kutoka ekseli ya pedeli hadi mahali utakapobana. Jumlisha. Kabla ya kutoboa, mwombe mtu aishike baiskeli kwa urefu huo huku ukijifanya unakaza gia za nyuma. Kama baiskeli ni nzito na unaiinua peke yako, shusha sentimita 10 au 15. Afadhali uinamie kazi kidogo kuliko kuumia ukinyanyua. Ya umeme itolewe betri kwanza, ndipo uinue.

Alama kwenye rangi, paipu iliyobonyea, mlio wa kupasuka

Mikwaruzo myembamba inayozunguka paipu ni uchafu kwenye raba. Duara lililofifia kwenye rangi ni raba iliyokaa siku nyingi mahali pamoja. Baiskeli isiachwe kwenye kibanio wiki nzima kana kwamba ni kabati.

Kubonyea ni jambo jingine kabisa. Paipu ya juu ya fremu nyepesi ya chuma inaweza kuwa na unene wa chini ya milimita 1 katikati, na alumini na kaboni nazo hazikuundwa kubanwa kutoka pembeni. Bana paipu ya siti, siyo fremu. Ukisikia mlio wa kupasuka kwenye kaboni, legeza taratibu, shusha, na kagua kwa taa kali kabla mtu hajaipanda tena; ufa wa kaboni unaweza kuwa ndani usionekane. Kwa paipu ya kaboni mimi hupendelea kuitoa na kuingiza ya alumini ya kipimo kilekile wakati wa kazi. Ni paipu moja ya bei ndogo inayookoa fremu ya bei kubwa.

Paipu ya siti inayopanda na kushuka kwa kitufe ina sehemu mbili. Ile nyembamba inayong'aa na kuteleza usiibane kamwe, kwa maana mkwaruzo mmoja unaua sili zake. Bana ile nene ya chini, ukiipandisha kutoka kwenye fremu kwa uangalifu bila kuvuta waya wake. Na kama paipu si ya duara, au ni sehemu ya fremu yenyewe, kibanio cha taya si chako. Tafuta stendi inayoshika uma wa mbele kwa ekseli na kuikalisha fremu kwenye ekseli ya pedeli. Uliza kipimo cha ekseli kabla, kwa sababu ekseli ya milimita 12 kwa 100 (unene kwa upana) na ya 15 kwa 110 haziingiliani bila vipande vya kuunganishia.

Aina ya taya ndipo inapoingia hapa. Taya za wenzo, zinazofunga kwa kishindo kimoja, ni za haraka na zinamfaa anayepandisha baiskeli kumi kwa siku. Lakini kila paipu inadai uzirekebishe upya, na ukisahau unapotoka paipu nyembamba hadi nene, wenzo utabonyeza kwa nguvu usiyoikusudia. Taya za skrubu ni za polepole, na mkono wako unahisi kila robo ya mzunguko. Kwa karakana ya nyumbani yenye baiskeli mbili tatu za aina tofauti, nachagua skrubu bila kusita.

Gia ziko sawa kwenye kibanio, barabarani zinaruka

Ukilazimika kubana paipu ya juu, angalia kama kebo ya gia imenaswa chini ya taya. Ikibanwa inavutika kidogo, unarekebisha gia kwa mvuto huo wa uongo, na ukishusha baiskeli kila kitu kinahama. Hamisha taya, rekebisha upya. Kama kebo haikunaswa, basi kibanio hakihusiki. Kagua sikio la kushikia gia ya nyuma kama limepinda.

Kabla ya kulipa, na baada ya kufunga

Ukiwa bado hujanunua, anza na ukuta au benchi ulilo nalo, kisha uzito wa baiskeli nzito zaidi itakayopanda hapo, kisha umbo la paipu zake za siti, na taya ziwe za mwisho. Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa baiskeli iliyotulia. Chukua kibanio kinachobeba walau mara moja na nusu ya baiskeli yako, ili mikono yako nayo ipate hesabu.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, rudia mistari ya chaki na upitishe spana kwenye kila bolti. Mbao, plagi na lipu hujibana kidogo, na bolti hulegea. Na pedeli iliyogandamana usiipiganie hewani. Shusha baiskeli, simamisha magurudumu yote mawili sakafuni, shika breki, kisha weka uzito wako kwenye spana, ukikumbuka kwamba pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia.